Shaka Inavyokula Sekunde: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kupunguza Muda wa Kuamua

Mwambie kijana wa bodaboda pale Kabwe, Mbeya, kwamba amechelewa kushika breki, atakuapia kuwa macho yake hayana kasoro. Mara nyingi anasema kweli. Macho yaliona, na mkono ulikuwa kwenye breki tayari. Kilichokawia ni kazi ya katikati: kuamua kama bajaji iliyo mbele inakata kulia, inasimama kupakia abiria, au inaendelea na safari yake. Mambo matatu yote yanawezekana, na kila moja linataka jibu lake.

Ucheleweshaji huo unapimika, na una kanuni yake ya hesabu. Unaweza kuupima mwenyewe mezani kwa rula ya shule, pakiti ya karata na simu yenye stopwochi. Nimeandika nikiwafikiria walimu wa sayansi wanaotafuta jaribio lisilohitaji maabara, makocha wa timu za mtaani, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, na yeyote ambaye kazi yake inamdai uamuzi wa papo hapo. Tutaanza na kupima kabla ya ushauri, maana ushauri wa "kuwa makini" tumeusikia tangu utotoni na haumwambii mtu afanye nini.

Kinachopimwa hasa

Mwaka 1868 mwanasayansi Mholanzi, Franciscus Donders, alitumia ujanja mmoja rahisi. Pima muda ambao mtu anachukua kuitikia ishara moja kwa jibu moja. Kisha mpime anapotakiwa kuchagua kati ya ishara mbili zenye majibu mawili. Toa ule wa kwanza kwenye huu wa pili. Kinachobaki ni muda uliotumika kutofautisha na kuchagua. Jaribio letu la karata litasimama juu ya kutoa huko.

Mwaka 1952 Mwingereza W. E. Hick aliwakalisha watu mbele ya taa 10, kila kidole kikiwa juu ya kitufe chake. Kadiri taa zinazoweza kuwaka zilivyokuwa nyingi, ndivyo vidole vilivyochelewa. Hilo lilishajulikana. Jipya lilikuwa namna muda ulivyopanda: kila idadi ya taa ilipoongezeka maradufu, muda uliongezeka kwa kiasi kilekile. Kutoka taa mbili hadi nne gharama ni ileile ya kutoka nne hadi nane.

Sababu yake utaiona ukihesabu maswali ya ndiyo na hapana. Kitu kikiwa kimoja kati ya viwili, swali moja linatosha kukijua. Kikiwa kimoja kati ya vinne, maswali mawili. Kati ya vinane, matatu. Kila swali la namna hiyo ni biti moja, kipimo cha taarifa ambacho Mmarekani Claude Shannon alikijengea nadharia mwaka 1948. Hick alipima ubongo kwa biti, na hesabu ikakaa.

Mwaka uliofuata, 1953, Ray Hyman wa Marekani aliongeza jambo ambalo kwangu ndilo lenye faida zaidi kwa mtu wa kawaida: tatizo si wingi wa machaguo, ni shaka. Taa zikiwa nyingi lakini moja huwaka karibu kila mara, mtu anaitikia kana kwamba taa ni chache. Kanuni ikawa hivi:

muda = a + b × H

Hapa *a* ni muda wa kuona na kusogeza mkono bila uchaguzi wowote, *H* ni shaka iliyopo kwa biti, na *b* ni bei ya kila biti. Katika majaribio ya taa na vitufe, bei hiyo mara nyingi hucheza karibu na sekunde 0.15. Kwa bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa saa, sekunde 0.15 ni mita 1.7 za lami. Yale mambo matatu ya bajaji ni biti 1.58 (kati ya biti 1 ya mambo mawili na biti 2 za manne), sawa na mita zaidi ya mbili na nusu ambazo pikipiki inazila kabla kidole hakijakaza breki.

Hatua ya kwanza: rula, kupata *a*

Anayepimwa akae, mkono uegemee ukingo wa meza, kidole gumba na cha shahada viachane kidogo. Msaidizi ashike rula ya sentimita 30 kwa juu, sifuri ikiwa usawa wa vidole. Aseme "tayari", anyamaze, kisha aiachie. Soma sentimita pale ilipodakwa.

Muda unapatikana kwa fizikia ya kidato: zidisha umbali kwa 2, gawanya kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili, umbali ukiwa kwa mita. Kwa ufupi, sentimita 10 ni sekunde 0.14, sentimita 20 ni 0.20, sentimita 25 ni 0.23, sentimita 30 ni 0.25. (Mwanafunzi mjanja atauliza kama mwinuko wa Mbeya, mita zipatazo 1,700, unavuruga hesabu. Hauivurugi kwa kiasi ambacho rula inaweza kukionyesha.)

Fanya mara 10, panga matokeo toka dogo hadi kubwa, chukua la katikati. Wastani wa kawaida unaharibika mtu akisinzia mara moja tu.

Matokeo yaliyo chini ya sentimita 5 yatupe. Ni sekunde 0.10, na hapo mtu hajaitikia, amebahatisha. Sheria za riadha ya dunia zinatumia mpaka huohuo: mkimbiaji akiitikia mlio kabla ya sekunde 0.100 anahesabiwa ameanza mapema. Ili kumzuia asibahatishe, msaidizi abadilishe kimya kinachofuata "tayari". Mara sekunde moja, mara nne, mara mbili. Kisha, kwa faida ya somo, fanyeni duru nyingine ambamo kimya ni sekunde mbili kila mara. Atadaka mapema zaidi, kwenye sentimita chache, na huko kubahatisha kutaongezeka. Kujua *lini* nako ni taarifa.

Neno moja kwa wenzangu wa Nyanda za Juu. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, vidole vya mtu wa Uyole au Makete vimeganda, na mishipa ya fahamu ikipoa hupitisha ujumbe polepole. Pasha mikono moto kwanza, la sivyo utakuwa unapima baridi.

Hatua ya pili: karata, kupata *b*

Toa majoka. Toa pia tisa, kumi na karata zenye sura za watu. Utabaki na 32: ree hadi nane, katika shupaza, pau, kopa na uru. Ree hadi nne tuziite ndogo, tano hadi nane kubwa.

Changa vizuri. Anayepimwa ashike karata zote zikiwa kifudifudi, ageuze moja moja, aiweke kwenye fungu lake, ndipo ageuze nyingine. Asipewe nafasi ya kuchungulia inayofuata wakati mkono ungali njiani. Ndiyo maana tunaziweka kifudifudi. Stopwochi inaanza karata ya kwanza inapogeuzwa na kusimama ya mwisho inapotua.

Kazi ziko tatu. Ya kwanza ni mafungu mawili: nyekundu huku, nyeusi kule. Hiyo ni biti 1. Ya pili ni mafungu manne kwa aina, biti 2. Ya tatu ni mafungu manane, kila aina ikigawanywa ndogo na kubwa, biti 3. Kwenye hii ya tatu panga safu mbili mezani: ndogo karibu na kifua, kubwa mbele yake, kila aina ikiwa na mstari wake.

Mafungu manane yanatawanyika meza nzima na mkono unasafiri zaidi. Muda huo si wa kuamua. Hapa ndipo tunamwita Donders. Kwa kila kazi fanya pia duru ya kugawa tu: geuza karata, iweke kwenye fungu linalofuata kwa zamu, bila kujali ni karata gani. Mafungu mawili, kisha manne, kisha manane, yakiwa palepale. Toa muda wa kugawa kwenye muda wa kuchambua, gawanya kwa 32.

Tuseme umepata hivi. Mafungu mawili: kugawa sekunde 20, kuchambua 25. Manne: kugawa 22, kuchambua 32. Manane: kugawa 26, kuchambua 41. Tofauti ni 5, 10 na 15. Kwa kila karata: sekunde 0.16, 0.31 na 0.47. Kila biti imeongeza takriban 0.16, na hiyo ndiyo *b* yako. Za kwako hazitanyooka hivi. Kazi ya mafungu manane hasa huwa na tabia ya kupaa, kwa kuwa mtu anaangalia mambo mawili kwenye karata moja, aina na ukubwa. Chora tu nukta tatu kwenye karatasi ya miraba, pitisha rula katikati yake, na mwinuko wa mstari ndio bei.

Mambo mawili huharibu jaribio hili kuliko mengine yote. La kwanza ni mpangilio. Ukianza na mawili ukamalizia na manane kila mara, mazoezi na uchovu vinajipenyeza kwenye matokeo; basi leo anza na manane, kesho na manne. La pili ni makosa. Mtu akiambiwa aharakishe, ataharakisha kwa kutupa karata ovyo, na saa itamsifu. Baada ya kila duru kagua mafungu. Zikipatikana zaidi ya mbili zilizopotea njia, duru hiyo haihesabiwi, irudiwe. Kasi isiyoandikwa pamoja na idadi ya makosa haina maana yoyote, na hilo liandike ubaoni kama unafundisha.

Hatua ya tatu: mafungu manne yenye shaka ya mawili

Hili ndilo jaribio ninalolipenda. Rudisha karata ulizotoa, chukua shupaza zote 13, ongeza pau moja, kopa moja na uru moja. Jumla 16. Mwambie anayepimwa wazi kabisa kilichomo, changa, achambue kwa aina kwenye mafungu manne. Kisha mpe karata nyingine 16, nne za kila aina, afanye vilevile.

Mafungu ni manne kote kuwili. Lakini shaka si ileile. Kwenye pakiti yenye usawa ni biti 2. Kwenye ile ya shupaza, zidisha uwezekano wa kila aina kwa biti za mshangao wake (kadiri aina ilivyo nadra, ndivyo mshangao unavyokuwa mkubwa), kisha jumlisha: shupaza ni 13 kwa 16, na mshangao wake ni biti 0.30 tu; zile aina nyingine kila moja ni 1 kwa 16, mshangao biti 4. Jumla inakuja biti 0.99. Karibu sawasawa na nyekundu na nyeusi! Toa muda wa kugawa kama kawaida, na utaona wastani kwa karata umeshuka kuelekea ule wa mafungu mawili, ingawa mkono una sehemu nne za kwenda.

Sasa acha saa, mwangalie mkono. Shupaza, shupaza, shupaza, mkono umeshajiendea wenyewe. Ikitokea kopa, unaweza kuona kiwiko kikianza safari ya kulia kisha kikasita hewani. Mara nyingine haukusita, kopa imelala juu ya shupaza na mwenyewe hajui. Wastani mzuri unalipiwa na tukio la nadra. Dereva anayepita njia moja kila siku anaishi ndani ya pakiti hiyo ya shupaza.

Hatua ya nne: kupunguza

Bei ya biti ni ngumu kuibadilisha kwa siku moja. Idadi ya biti unaweza kuibadilisha leo.

*Amua mapema.* Uamuzi ukifanyika kabla ya tukio, haupo tena kwenye tukio. Madereva wa malori wana msemo wao wa mlimani: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Anayeshuka mlima Kitonga akitokea Ilula anachagua gia akiwa juu, gari likiwa tulivu. Akiingia konani na swali la gia kichwani, na mbele yake kuna semi imesimama, ana maswali mawili kwa wakati mmoja. Bodaboda naye anaweza kujiwekea kanuni moja: bajaji ikipunguza mwendo mbele yangu, sababu yoyote iwayo, napunguza. Machaguo matatu yamegeuka mawili, imepungua au haijapungua, na mita kama moja ya lami imerudi.

*Ondoa ishara zenye maana mbili.* Hapa nina ugomvi na desturi yetu ya barabarani. Kwenye TANZAM, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, lori lililo mbele likikuwashia indiketa ya kushoto, wengi wanaelewa "pita, kweupe"; ya kulia, "usipite". Lakini indiketa hizohizo ndizo za kukata kona na kuegesha. Kwa hiyo anayefuata nyuma anaona taa moja na kulazimika kujiuliza: ananiruhusu, au anaingia kituoni? Biti nzima imeongezwa na ishara iliyokusudiwa kuiondoa. Njia ya kuikwepa ni kujiamulia nyumbani kwamba indiketa ya lori haikupi ruhusa ya kuovateki: unapita pale tu macho yako mwenyewe yanapoona barabara iko wazi. Kwenye ukungu wa barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, ambako huoni mbali, jibu ni moja tu na halihitaji kufikiriwa.

*Linganisha ishara na jibu.* Rudi kwenye karata. Chukua yale mafungu manane yaliyopangwa vizuri, vuruga nafasi zake: kopa ndogo mbali kushoto, kopa kubwa karibu kulia, na kadhalika. Biti ni zilezile 3, lakini muda utapanda. Paul Fitts na Charles Seeger walionyesha jambo hili mwaka 1953: mpangilio wa majibu ukifanana na mpangilio wa ishara, watu wanakuwa wepesi na wanakosea kidogo. Mwaka 1959 J. A. Leonard alikwenda mbali zaidi, akatetemesha kidole na kumtaka mtu abonyeze kwa kidole hichohicho. Kuongeza vidole kutoka viwili hadi vinane hakukuchelewesha mtu kwa kiasi cha kuzungumzia. Kwa wakala mwenye simu nne za miamala pale Mwanjelwa, hii inamaanisha kila simu iwe na sehemu yake isiyobadilika kwenye kaunta, kwa mpangilio uleule wa mabango yaliyo juu ya dirisha.

*Mazoezi* yanafanya kazi, ila ni ya kiwango ambacho watu hawakitarajii. Mwaka 1959 Mowbray na Rhoades walimzoesha mtu mmoja kwa maelfu ya majaribio hadi tofauti kati ya machaguo mawili na manne ikatoweka. Maelfu, si alasiri moja. Na ni lazima ishara ileile iwe na jibu lilelile siku zote. Kocha anayebadili maana ya filimbi kila wiki anawarudisha wachezaji mwanzo.

Kwa makocha, hesabu ya penalti. Mpira uko mita 11. Ukipigwa kwa kilomita 100 kwa saa unafika ndani ya sekunde 0.4. Kipa anayesubiri kuona kama unakwenda kushoto, kulia au katikati ana biti 1.58, weka *a* ya 0.20 na bei ya 0.15, unapata 0.44, na bado hajaruka. Hawezi kungoja kila kitu. Anachoweza ni kupunguza H kabla ya mguu kugusa mpira: kujua mpigaji hupendelea upande gani, na kuusoma mguu wa kusimamia. Mpigaji naye afanye kinyume, aipandishe H kwa kutokuwa na upande anaoupenda.

Pale kanuni hii isipofaa

Usiitumie kwa orodha ambayo mtu hajawahi kuiona. Mgeni anayesoma ubao wa vyakula kwa mama lishe anasoma mstari kwa mstari, na muda wake unapanda kwa kila mstari, si kwa biti. Kanuni ya Hick na Hyman inahusu machaguo ambayo mtu tayari anayajua na kila moja lina jibu lake. Wala haihusu maamuzi mazito ya kupima faida na hasara, kama kuuza viazi sasa au kusubiri bei ipande. Huko shaka inachelewesha pia, lakini kwa siku na wiki, na karata zetu hazitakusaidia.

Pia usilinganishe watu kwa namba moja. Mzee na kijana, aliyelala na aliyekesha, mchezaji wa karata wa kila jioni na asiyezijua kopa, wote watatofautiana kwenye *a* au *b* kwa sababu zao. Mtu alinganishwe na nafsi yake.

Ukirudia vipimo baada ya mwezi wa mazoezi, tumia pakiti ileile, meza ileile na saa ileile ya siku. Weka mstari mpya juu ya ule wa zamani kwenye karatasi ileile ya miraba. Sentimita za rula zikipungua huku mstari haujalala, mkono na macho vimekuwa vyepesi. Mstari ukilala zaidi, kuamua kwenyewe ndiko kumekuwa rahisi. Ukilala huku makosa yameongezeka, mtu wako ameanza kubahatisha, na duru hizo zirudiwe polepole.